Kidude cha Elfu Ishirini na Tano

"Kaka, niagizie na mimi kimoja."

Ilikuwa saa tatu usiku. Jirani yangu alikuwa ameegemea dirisha la gari langu, ananihesabia noti mbili za elfu kumi na moja ya elfu tano. Anaendesha teksi ya mtandaoni, IST kama yangu, tofauti ni kwamba yake inalala saa sita usiku na kuamka saa kumi na moja alfajiri. Chini ya usukani wangu, karibu na goti la kulia, kidude kilikuwa kinawakawaka kijani.

"Lakini kweli kinafanya kazi?" aliuliza kabla hajaachia noti ya mwisho.

"Kinafanya. Gari limekuwa jepesi, na wese limepungua."

Sikumdanganya. Nilimwambia nilichokiona kwa macho yangu na kukisikia kwa mguu wangu.

Na hilo ndilo lililonikosesha raha kwa wiki nane.

## Ushahidi wangu ulikuwa huu

Wenye magari mmekiona. Ni kile kiplastiki kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la fundi la kusomea gari, kinauzwa mtandaoni kwa bei ya chakula cha watu wawili, na boksi lake linaahidi kupunguza mafuta asilimia 15. Maelekezo yanasema uchomeke, ubonyeze kitufe kwa sekunde tano, usubiri, kisha uendeshe kilomita 200 ili "kijifunze" uendeshaji wako.

Nikaendesha hizo 200. Gari likawa jepesi. Elfu ishirini ya mafuta, ambayo huwa inanifikisha Alhamisi asubuhi, ikanifikisha Ijumaa. Nikasoma maoni ya wanunuzi, wengi wanashangilia. Basi.

Kazi yangu ni kuhesabu mzigo wa ghala. Kijana akiniambia "bosi, naona kama katoni zimeongezeka," namrudisha akahesabu upya, moja baada ya nyingine, na akirudi nahesabu na mimi. Gari langu mwenyewe sikuwahi kulihesabia hata lita moja. Tangu nilinunue nalijua kwa noti: la elfu kumi, la elfu ishirini, na mwisho wa mwezi la "niwekee ya elfu tano nifike."

Kidude cha jirani kilifika baada ya siku kumi na mbili. Nilimfungia mwenyewe, jioni, kwa tochi ya simu. Nilipokuwa nimepiga magoti pale nikaona tairi zake za mbele zimelala, nikamletea pampu yangu ndogo ya umeme nikamjazia upepo zote nne. Ujirani.

Wiki moja baadaye akanitumia ujumbe wa sauti.

"Kaka, kidude kiboko! Jana nimezunguka mpaka saa nne, elfu thelathini haijaisha. Nimewaambia wenzangu pale kijiweni. Wanne wanataka. Nikukusanyie hela?"

Wanne. Laki moja ya watu ambao sahani ya wali wanaipima kwa safari za Sinza.

Nikamjibu kwamba mzigo unachelewa siku hizi.

## Kisu cha jikoni

Usiku huo nilikichomoa, nikakaa nacho mezani, nikakipasua kwa ncha ya kisu cha jikoni. Hakikuwa na skrubu hata moja. Kilijibana chenyewe kama kopo la biskuti.

Ndani kulikuwa na kibao kidogo cha saketi. Taa tatu ndogo. Kitufe. Chipu moja nyeusi isiyo na jina, na vitu vingine vidogo vya kurekebisha umeme.

Tundu lile lina nafasi za pini 16. Pini ya 16 inaleta umeme wa betri moja kwa moja, iwe gari limewashwa au limezimwa; ya 4 na ya 5 ni upande wa hasi. Ukigusa hizo tu, taa inawaka. Mazungumzo na kompyuta ya gari yanapita kwengine: magari mapya hutumia pini ya 6 na ya 14, na mengi ya zamani hutumia ya 7. Kwenye kidude changu pini zote zilikuwepo, zinang'aa, lakini nilipofuata vijia vya shaba kwenye kibao kwa kioo cha kukuzia, ni vya umeme tu vilivyokuwa vinakwenda mahali. Pini zilizobaki zilikuwa mapambo.

Kisha nikachungulia tundu la gari langu lenyewe, la mwaka 2004. Pale pini ya 6 na ya 14 zinapotakiwa kuwa, pako wazi. Hata kidude kingekuwa kinataka kuongea kwa pini hizo, kingeongea na ukuta.

Nilipotafuta nikakuta sikuwa wa kwanza kushika kisu. Mwaka 2017 wataalamu wa usalama wa kompyuta wa Quarkslab, kampuni ya Ufaransa, walifungua kifaa cha jamii hii hii na kusikiliza mawasiliano ya gari kabla na baada ya kukichomeka. Walikuta chipu moja, bila sehemu inayohitajika kuongea na mtandao wa gari, na kifaa hakikutuma ujumbe wowote. Kilikuwa kinawasha taa.

Ningekuwa mtu wa kuridhika haraka, makala hii ingeishia hapa. Kidude feki, nimeliwa, tusonge mbele.

Lakini mbona gari lilikuwa jepesi?

## Ijumaa ile

Nilianza na Ijumaa, kwa sababu ilikuwa na hesabu.

EWURA, mamlaka inayosimamia bei za mafuta, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Nilirudi kwenye ujumbe wa muamala wa benki nikaona tarehe niliyochomeka kidude: wiki ile ile bei mpya ilikuwa imeanza, na ilikuwa imeshuka. Chukulia lita ilikuwa shilingi 3,000 ikawa 2,850. Elfu ishirini iliyokuwa inanunua lita 6.67 sasa inanunua lita 7.02. Hiyo ni asilimia tano na ushee, na haikutoka kwenye injini yangu.

Anayepima mafuta kwa noti anaipima EWURA.

Ilibidi nianze upya, kwa lita. Na lita haihesabiki kwa elfu ishirini ishirini, kwa sababu hujui tenki lilikuwa na kiasi gani ulipofika. Njia inayokubalika ni kujaza mpaka pampu ijikate yenyewe, kurudisha kihesabu cha kilomita kwenye sifuri, kuendesha, kisha kujaza tena mpaka ijikate. Lita ulizoongeza ndizo ulizokula.

"Fulu tenki, bosi?" dada wa sheli aliniuliza mara mbili, akaangalia gari, akaniangalia mimi. Nyumbani niliulizwa kama nimepata bonasi na sijasema.

Hapo ndipo nilipogongana na kitu ambacho sikukitegemea. Pampu haijikati mahali pamoja kila siku. Gari likiegeshwa limeinama kidogo, dada akishika bunduki kwa pembe nyingine, au povu likiwahi kupanda, unatofautiana lita nzima. Ukiwa umetumia lita 10, hiyo lita moja ni asilimia kumi. Yaani mtu anaweza kupima kwa uaminifu kabisa, mara moja kabla na mara moja baada, na akapata "faida" ya asilimia kumi iliyotengenezwa na povu.

Nikaamua kila kipimo kiwe cha lita 30 au zaidi, sheli ile ile, pampu ile ile, njia yangu ya kila siku ya Mbezi hadi Kurasini na kurudi. Upepo wa tairi kila Jumamosi. Kiyoyozi kila siku namba mbili, mvua isinyeshe inyeshe. Tenki moja na kidude, tenki moja bila.

Yalichukua wiki sita. Nawapa matokeo kama yalivyo kwenye daftari.

Bila kidude: kilomita 10.6 kwa lita, kisha 11.7, kisha 11.1.

Na kidude: 11.3, kisha 10.7, kisha 11.5.

Ukitaka kunidanganya, chukua 10.6 ya kwanza na 11.3 ya pili, weka kwenye picha, andika "asilimia 6 ndani ya wiki moja." Kila namba ni ya kweli, na tangazo bado ni uongo. Ukizitazama zote sita unaona matenki ya upande mmoja yanapishana yenyewe kwa yenyewe zaidi ya yanavyopishana na ya upande mwingine. Wastani wa bila ni 11.13. Wastani wa na kidude ni 11.17. Nimekesha wiki sita kutafuta mita arobaini.

Hata hivyo daftari langu lina udhaifu na ninaujua. Matenki sita ni machache. Kama kidude kingekuwa kinaokoa asilimia mbili, nisingeiona. Foleni ya Ubungo peke yake inaimeza. Ninachoweza kusema ni kwamba asilimia 15 haipo, maana 15 ingekuwa ni kutoka 11 hadi karibu 13, na hiyo isingejificha.

## Mdogo wangu na sarafu

Mafuta yalikwisha kusema. Mguu ulikuwa bado unabisha.

Asubuhi nyingine nikitoka getini na kile kidude, naapa, gari lilikuwa linaitika. Nakanyaga kidogo linaruka. Nikawa najiambia, daftari linapima ulaji tu, huenda faida iko kwenye mvuto. Ona akili inavyotafuta pa kujificha.

Mdogo wangu, ambaye anaishi nasi akisubiri ajira, ndiye aliyenitoa. "Si unipe mimi nichomeke, usijue?"

Tukakubaliana hivi. Kila asubuhi kwa siku kumi anarusha sarafu. Upande wa picha, anachomeka. Upande wa pili, anakificha anakojua. Taa za kidude akazifunika kwa tepu nyeusi. Analitoa gari getini, mimi naingia bila kuinama. Nikifika kazini naandika kimo au hakimo, na naupa wepesi wa gari alama moja hadi tano. Yeye ana daftari lake. Hatuongei habari hizo mezani.

Siku ya tatu nilikuwa na uhakika. Gari lilipaa. Niliandika KIMO kwa herufi kubwa, nikalipatia alama tano.

Siku ya kumi tukafungua madaftari. Nilipata sita kati ya kumi.

Nikafurahi! Nakiri. Sita ni zaidi ya nusu, nikasema mnaona, kuna kitu. Mdogo wangu akachukua simu, akahesabu, akanionyesha: mtu anayebahatisha kwa sarafu, bila kujua lolote, anapata sita au zaidi kati ya kumi karibu mara 38 katika kila mia. Ningepata tisa tungeongea mengine.

Na ile siku ya tatu, ya herufi kubwa? Kidude kilikuwa kwenye droo ya vijiko.

Nilikaa kimya nikaikumbuka siku hiyo. Ilikuwa sikukuu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, asubuhi ina baridi, barabara nyeupe mpaka Ubungo. Hewa ya baridi ni nzito, injini inavuta oksijeni zaidi kidogo kwa kila pumzi: hewa ikishuka kutoka nyuzi 35 hadi 25, uzito wake unaongezeka kama asilimia tatu. Na barabara ikiwa tupu mguu wenyewe unakuwa mwepesi. Nilikuwa nimeonja sikukuu nikadhani ni plastiki.

Jambo la kilomita 200 nalo likanibainikia pale pale. Kilomita 200 ni wiki nzima ya mtu wa mjini. Zinatosha kabisa usahau gari lako lilivyokuwa. Anayejifunza hizo kilomita ni dereva.

## Mark X ya shemeji

Sasa nifike kwenye kile ambacho sijamaliza kubishana nacho.

Shemeji yangu ana Mark X, na yeye hakununua takataka ya taa. Alinunua kiboksi kinachofungwa kwenye waya za pedeli ya mafuta, shilingi laki moja na nusu. Kina vitufe na namba. "Shemeji, kanyaga uone," akaniambia, akaweka namba ya juu. Nikagusa pedeli, kichwa kikarudi nyuma kikagonga kiti.

Hiki kinafanya kitu. Siwezi kusema vinginevyo.

Magari ya namna hiyo hayana tena kebo kutoka mguuni hadi injini. Pedeli ni kihisi tu kinachopeleka volti kwenye kompyuta: mguu uko hapa. Kiboksi kinakaa katikati na kutia chumvi. Umekanyaga asilimia 20, kinaripoti 40. Umekanyaga 50, kinaripoti 80. Umekanyaga mpaka kwenye kapeti, kinaripoti 100, na 100 ni ile ile iliyokuwepo siku gari linatoka Japani.

Tulikwenda Jumapili alfajiri kwenye kipande kilichonyooka upande wa Kigamboni. Sifuri hadi 50 tu, kwa sababu tochi za trafiki hazina Jumapili, na kwa sababu zaidi ya hapo ni ujinga kwenye barabara ya watu. Simu inapima muda. Pedeli chini kabisa, mara tatu kwenda na mara tatu kurudi ili mteremko na upepo vijifute, kisha tunazima kiboksi tunarudia. Hatukuona tofauti, mizunguko ya hali moja ilipishana yenyewe kwa sehemu ya sekunde, na makundi mawili yakaingiliana.

Nikamwonyesha namba.

"Kwa hiyo nguvu ni zile zile," alisema.

"Zile zile."

"Lakini mimi naipenda hivi. Ilikuwa inasinzia."

Nilikosa la kumjibu. Hakuambiwa uongo na mguu wake; gari lake kweli linaitika mapema. Nguvu ya farasi hata moja hakuongezewa, na boksi lilimwahidi nguvu. Nyumbani naweza kusogeza kochi karibu na televisheni nikaona picha imekuwa kubwa, na hakuna atakayeniita mjinga. Ila fundi akija kunilipisha laki na nusu kwa "kukuza televisheni," huyo tutagombana.

Tangu hapo swali "kinafanya kazi?" linanikera. Kazi gani? Nguvu pedeli ikiwa chini kabisa, ulaji wa mafuta, au raha ya mguu? Muuzaji anaonyesha moja na kuchukua pesa ya nyingine.

Na kwenye foleni, kwa taarifa yenu, lile gari sasa linaruka kama mbuzi. Dada yangu amekataa kuliendesha.

## Vilivyobaki kwenye kikapu changu

Nilikuwa na vitu vingine nimeviweka tayari kununua. Nitavipitia haraka.

Sumaku za kufunga kwenye bomba la mafuta. Petroli si chuma. Nikafuta.

Kuna "chipu ya nguvu" ya waya mbili, ambayo ukiifungua ni rezista, kile kipande kidogo cha kuzuia umeme, cha shilingi mia tatu Kariakoo. Inafungwa kwenye kihisi cha joto la hewa ili kuidanganya kompyuta kwamba nje kuna baridi, imwage petroli zaidi. Kwa muda inafanikiwa. Kisha kihisi cha oksijeni kwenye ekzosi kinaona moshi una petroli nyingi, kompyuta inapunguza, inarudi palepale kwenye uwiano wa gramu 14.7 za hewa kwa gramu moja ya petroli. Na pale isipoweza kupunguza, petroli isiyoungua inakwenda kuchoma masega, yale ya kusafisha moshi kwenye ekzosi. Hiki nakichukia kuliko vyote, kwa sababu kidude changu angalau hakikudhuru mtu.

Nikiwa kwenye masega: wale mnaoambiwa myatoe ili gari "lipumue," muulizeni fundi anayapeleka wapi baadaye.

Kichujio cha koni, kile chekundu cha kupendeza, kilinitesa zaidi, kwa sababu hoja yake ina akili. Injini ni pampu ya hewa. Hewa zaidi, nguvu zaidi. Kweli kabisa. Muulize aliyewahi kupeleka gari Mbeya, mita kama 1,700 juu ya bahari, ambako shinikizo la hewa ni pungufu ya Dar kwa karibu asilimia 18. Gari lile lile, dereva yule yule, linakuwa zembe.

Ila mwaka 2009 maabara ya Oak Ridge ya Marekani ilichapisha majaribio ya vichujio vilivyozibwa makusudi kwenye magari ya kisasa ya petroli. Ulaji wa mafuta haukubadilika kwa maana yoyote. Ukitembea kawaida, mlango wa hewa unaoendeshwa na pedeli umefungwa nusu; huo ndio kizuizi, na ukipunguza kizuizi kingine mbele yake kompyuta inapima hewa iliyopita na kutoa petroli ya kuendana nayo. Kilichobadilika ni mwendo wa kushika kasi pedeli ikiwa chini kabisa: kichujio kipya kiliwahi. Kwa hiyo kichujio kichafu kinastahili kubadilishwa, na cha karatasi cha kawaida kinatosha. Kile cha koni kinafungwa wazi ndani ya boneti, kinavuta hewa ya jikoni. Hewa ya nyuzi 60 ni nyepesi kuliko ya nyuzi 30 kwa karibu asilimia tisa. Umelipa ili upande Mbeya ukiwa Mbezi. Sauti yake ni nzuri, lakini.

Sitaki mtu aondoke hapa akidhani nguvu haiongezeki kwa programu. Kwenye injini yenye turbo inaongezeka, na sana, kwa sababu fundi anayejua anaweza kuiamuru turbo isukume hewa zaidi. IST yangu ya cc 1,500 isiyo na turbo inavuta hewa ya Mungu kwa pumzi yake. Ilitoka kiwandani na nguvu farasi 109, wahandisi wake wameshakamua. Hakuna aliyesahau 15 nyingine chini ya kapeti.

Shirika la mazingira la Marekani, EPA, limepima vifaa zaidi ya 100 vya kuokoa mafuta tangu miaka ya 1970. Halijapata hata kimoja kinacholeta nafuu kubwa.

## Elfu thelathini isiyoisha

Ilibaki habari ya jirani, na ilikuwa inaniuma, kwa sababu yeye nafuu aliipata kweli.

Nilijaribu kuifumua kwa haki. Bei ilikuwa imeshuka. Hiyo ni sehemu. Tairi zake nilizijaza, lakini upepo peke yake hauelezi mengi: takwimu za serikali ya Marekani zinasema kila psi moja inayopungua kwenye tairi zote inakula kama asilimia 0.2. Za kwake zingekuwa pungufu kwa psi kumi, ni asilimia mbili tu. Nilitamani upepo uwe shujaa wa hadithi hii, haukutosha.

Kilichobaki ni mguu. Takwimu hizo hizo zinasema kuendesha kwa pupa mjini kunaweza kupoteza kuanzia asilimia 10 hadi 40. Nikamkumbuka jirani wiki ile ya kwanza, anavyotoka getini taratibu, kidole kinaelekeza chini ya usukani, anawaonyesha abiria. Mtu aliyenunua kifaa cha kuokoa mafuta anaendesha kama mtu anayeokoa mafuta. Nilifanya hivyo hivyo.

Kwa muda nikafikiri, basi si kimemsaidia? Nikae kimya? Nikajibizana na hilo siku mbili nzima. Lakini wale wanne walikuwa bado wananisubiri, na uigizaji ule huwa unachosha: wiki ya tatu mguu unarudi ulivyokuwa, na taa inaendelea kuwaka.

Jumamosi jioni nikamfuata kwenye benchi la dukani. Nikampa noti tatu, mbili za kumi na moja ya tano. Nikamweleza yote, kisu, droo ya vijiko, daftari.

Alisikiliza bila kunikatiza. Kisha akauliza swali moja tu.

"Sasa ile elfu thelathini iliyokuwa haiishi ilikuwa nini?"

"Bei ilishuka. Na ulikuwa unaendesha taratibu. Na upepo kidogo."

"Upepo upi?"

"Nilikujazia tairi siku ile nakufungia."

Alinitazama kwa muda. Akacheka mpaka muuza duka akachungulia. Akaweka noti mbili za kumi mfukoni, ile ya tano akanirudishia.

"Hii ya upepo, kaka. Na wale wanne niachie, nitawaambia mimi. Wewe usiseme kitu."

Alfajiri nikasikia geti lake. Nikachungulia dirishani. Gari lilitoka taratibu, taa za mbele bado hazijawashwa, na chini ya usukani palikuwa panawakawaka kijani.